Uzi maalumu: mliowahi kuingia chalenji ya kusoma riwaya za vijana kwenye kundi, tupeane uzoefu

Jicho la Kitabu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mwezi wa kwanza tulianzisha kundi la WhatsApp la kusoma riwaya za vijana. Nikisema za vijana simaanishi vijitabu vya picha vya darasa la pili, wala zile za mapenzi za kufichwa chini ya godoro. Namaanisha hadithi ambazo mhusika mkuu ana miaka 12 hadi 18 hivi, yuko shule au kafukuzwa shule, wazazi wanamsumbua au hana kabisa, na mambo ya dunia ndiyo kwanza yanamfikia. Sharti lilikuwa moja tu: kila mwezi kitabu kimoja, Kiswahili au Kiingereza, na Jumapili ya mwisho tunakijadili.

Januari ilikuwa moto. Februari watu wakaendelea kuandika walikofikia. Kufika Aprili kundi limebaki la "Ijumaa Kareem" na kadi za michango ya harusi. Ukiuliza mtu kitabu kafika wapi, anakujibu kwa stika.

Kabla hatujaanza duru ya pili nataka kusikia kutoka kwa waliopita njia hii. Vitabu mlivipata wapi, maana ndiko sisi tulikokufia? Wale wanaomwaga ubuyu wa mwisho wa hadithi mliwafanyaje? Na mtu akisikiliza kitabu badala ya kukisoma kwa macho, mlimhesabia? Hili la mwisho limetugawa mpaka admini mmoja kajitoa.

Karibuni. Nawasilisha.

Naweka Kambi

Uzi mzuri. Nakaa pembeni nisome wenzangu.

Kijana wa Kimara

Mkuu, anzia kwenye nakala. Makundi mengi hayafi kwa uvivu, yanakufa kwa sababu watu thelathini wamechagua kitabu chenye nakala mbili mjini.

Kwetu mtu alipendekeza Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi, ya mwaka 2018. Kitabu kizuri, sikatai, ila kina kurasa zaidi ya 500, kinaagizwa nje, na bei yake nikiitaja nyumbani nitaulizwa kama nina akili timamu. Tukahamia kwenye mtumba. Pale Posta, Dar, kando ya barabara ya Samora, riwaya za vijana za Kiingereza zimepangwa chini na nyingine unapewa kwa bei ya chips mayai. Shida ni kwamba zinauzwa jinsi zilivyotoka kwenye kontena. Unapata cha pili cha mfululizo, unapata na cha tatu, cha kwanza hakuna anayekijua. Mwenzetu alianza na cha pili hivyo hivyo, akawa anatuuliza huyu aliyekufa ni nani.

Kilichotuokoa ni kugeuza utaratibu. Mtu mmoja anatangulia Maktaba Kuu ya Taifa, pale barabara ya Bibi Titi, anaangalia rafuni kuna nini na nakala ngapi, anapiga picha, ndipo tunapiga kura. Kitabu chenye nakala nyingi kinashinda hata kama jina lake halijawahi kusikika. Hapo ndipo tukakutana na vitabu vya Tuzo ya Burt, ile ya riwaya za vijana iliyoanzia Tanzania mwaka 2008 kwa mkono wa shirika la CODE la Kanada. Tuzo ile haikuishia kumpa mwandishi fedha akaenda zake. Nakala zilinunuliwa na kugawiwa mashuleni na kwenye maktaba, kwa hiyo unaweza kukuta kitabu kimoja kipo zaidi ya mara moja. Ni hadithi za huku kwetu na hazichoshi.

Na ziwe nyembamba. Mwendokasi la asubuhi kutoka Kimara unasimama, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine ndio wa kufungua kitabu. Jaribu na kurasa 500 uone.

Mzee wa Kejeli

Kwa hiyo mtu mzima na ndevu zake anakaa Jumapili kujadili mtoto wa kidato cha pili kampenda jirani. Haya.

Msomaji Kiasi

Mzee, tulia. Kampuni ya Bowker ilichunguza soko la Marekani mwaka 2012 ikakuta asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto wa miaka 12 hadi 17 ni watu wa miaka 18 na kuendelea. Na mara nyingi wakinunua, wanajinunulia wenyewe.

Niongeze la Nairobi. Sisi vitabu havikuwa shida, inama bookshop, yaani vitabu vya kupangwa chini barabarani, ziko kila kona ya jiji. Kilichotuvunja ni jedwali la washindi. Admini aliweka orodha ya nani amesoma vingapi, na kuanzia hapo kukawa hakuna mazungumzo tena, kuna hesabu tu. Aliyeongoza alikuwa anachukua vijitabu vya kurasa arobaini, viwili kwa siku, anaweka picha ya jalada na neno "Done". Ukimuuliza mhusika alikuwa anataka nini, kimya. Futeni jedwali. Kama lazima mpime kitu, pimeni ni nani alisema neno kwenye mjadala.

Mzee wa Kejeli

Sawa, wenye ndevu wa Marekani pia nimewasikia.

Tichaa wa Pwani

Hamjambo wadau. Mimi nafundisha Kiswahili upande wa Kilifi na nimeendesha chalenji hii na kidato cha pili, nje ya saa za darasa. Tulisoma Siku Njema ya Ken Walibora, Mungu amrehemu. Kitabu ni cha 1996, kiliwahi kuwa setibuku, yaani kitabu cha lazima cha mtihani, na wazazi wengi wa watoto hawa walikisoma kwa kulazimishwa.

Swali la kwanza nililoulizwa: "Mwalimu, hii iko kwa mtihani?" Nikasema haiko. Nusu ya mikono iliyokuwa juu ikashuka. Waliobaki nikawaahidi kwamba sitawauliza sifa za mhusika, sitawauliza maudhui, sitawauliza mbinu za lugha. Atakayeleta daftari nitamrudisha bwenini.

Sasa mnajua hadithi inamfuata Msanifu Kombo, kijana wa Tanga, anayeondoka kumtafuta baba yake mpaka Kitale. Nilidhani watashikwa na suala la baba. Wapi! Walishikwa na nauli. Msichana mmoja aliuliza hela za safari yote hiyo mtoto yatima anazitoa wapi, na mjadala ukalipuka. Wakabandika ramani ya Afrika Mashariki ukutani, wakapita na kalamu nyekundu kutoka Tanga hadi Kitale, wakapigia hesabu basi za siku hizi, malazi, chakula cha njiani. Mvulana ambaye darasani hajawahi kunijibu swali akasimama kueleza jinsi utingo anavyoweza kukubeba bure ukimsaidia kupakia mizigo, maana yeye mwenyewe hurudi kwao hivyo kila likizo. Hilo sikulijua. Na hakuna swali la mtihani ambalo lingelitoa kinywani mwake.

Baada ya hapo kitabu kilisomwa mpaka na wale walioshusha mikono. Tulikuwa na nakala chache, kwa hiyo wakagawana sura: anayemaliza anampa jirani kabla ya taa kuzimwa. Asubuhi utasikia mtu anadaiwa sura ya sita kwenye foleni ya uji.

Kuhusu kumwaga ubuyu, dawa yetu ilikuwa rahisi. Anayetaka kusema kitu huanza kwa kutaja namba ya sura. Ukisikia "sura ya tisa" na wewe uko ya nne, unaziba masikio au unatoka nje. Kwenye simu mnaweza kuandika namba ya sura kwanza, mkaacha nafasi ndefu chini, ndipo mkaandika jambo lenyewe.

Shangazi Mtu

Naomba nafasi, langu ni refu kidogo.

Niko Mwanza, namlea binti wa marehemu kaka yangu. Ana ualbino. Wanaoikumbuka miaka ile ya 2007 na 2008 huku Kanda ya Ziwa wanajua mwenye mtoto wa namna hii alivyokuwa akilala. Yeye alikuwa hajazaliwa, lakini amelelewa na watu wasiosahau.

Kundi letu ni la akina mama na watoto wao wa sekondari. Mwezi mmoja mama mwenzetu akapendekeza tusome vitabu viwili kwa pamoja: Takadini ya Ben Hanson, ambayo watoto wanakutana nayo shuleni, na Akata Witch ya Nnedi Okorafor, ya mwaka 2011, ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia. Vyote viwili mhusika mkuu ana ualbino. Nilimvuta binti pembeni nikamuuliza kama anaona sawa. Akasema, "Shangazi, kwani wao ndio wataandika kunihusu mimi?"

Tukaanza na Takadini. Mnajua ilivyo: Sekai kakaa miaka mingi bila mtoto, anapata mmoja, na mila ya ukoo wake inataka mtoto huyo asiishi. Anambeba usiku anatoroka. Watoto wengine kwenye kundi waliandika "inasikitisha sana" na vile vikatuni vya machozi, mfululizo. Binti yangu akaandika: "Mimi sijaona cha kulia bado. Mama kakimbia, mtoto yuko hai. Tuendelee."

Kwenye Akata Witch ndiko kulikowaka. Sunny ni msichana wa miaka 12 huko Nigeria, anapenda mpira lakini jua linamuunguza, basi anacheza usiku na kaka zake. Akishaingizwa kwenye mambo yake ya kichawi, jua linaacha kumdhuru. Watoto wote walifurahi isipokuwa mmoja. "Mimi napaka losheni, navaa kofia pana na mikono mirefu kwenye joto lote hili, halafu yeye kapona kwa uchawi? Huo ni upendeleo." Wenzake wakamjibu kwamba ni hadithi tu. Akasema hata hadithi ingeweza kumwachia kofia na bado akafunga magoli.

Basi wakaanza kumuuliza. Losheni inapakwa mara ngapi kwa siku? Inapatikana wapi? Mchezo ukiwa saa nane mchana anafanyaje? Wawili kati yao wamekaa naye darasa moja tangu kidato cha kwanza na hawakuwahi kuuliza. Mmoja alidhani ile kofia ni adhabu ya kidini. Mwisho wa Takadini siusemi, simwagi ubuyu, ila mjue waliurudia mara mbili.

Sasa nije kwenye swali la mleta uzi. Macho ya huyu mtoto hayaoni vizuri, ni sehemu ya hali yake, na maandishi madogo yanamchosha upesi. Nilikuwa namsomea kwa sauti usiku na kurekodi kwenye simu ili arudie mwenyewe. Mama mmoja anayeuza samaki Kirumba akaomba rekodi, anasikiliza akiwa mezani kwake. Ndiye aliyechangia kuliko wote kwenye mjadala. Atokee mtu aniambie hao wawili hawakusoma.

Kijana wa Kimara

Shangazi, binti ana sababu na hapo sina neno. Ninaowapinga mimi ni wale wanaosikiliza huku wanaosha vyombo, halafu wanajiandikia kitabu kizima.

Bi Mdogo wa Muscat

Basi mimi ndiye huyo wa kuosha vyombo, na sijutii.

Nipo Muscat, wapwa zangu wapo Unguja, na hapa katikati ni saa moja tu ya tofauti. Huku mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, kwao Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo siku yetu ni Jumamosi hiyo hiyo. Yule mkubwa ana kitabu, anatusomea sisi wengine kwenye simu sura moja, na mimi nipo jikoni. Kitabu kimoja tu kinatutosha watu watano wa nchi mbili. Hilo la nakala mnalolilia hapo juu, kwetu halikuwapo.

Na msidhani sifuatilii. Mtoto akifika pahala pa mabusu anakohoa, anaruka mistari. Namwambia, "Mwanangu, sauti imekatika, hebu rudia hapo." Anarudia huku anacheka. Mama yake keshanilalamikia kuwa namharibu.

Alonipinga aje anieleze bibi zetu waliokuwa wakitusimulia hadithi usiku, sisi tulikuwa tunafanya nini kama si huko huko kusoma.

Kijana wa Kimara

Kusikiliza hadithi. Ni kitu kizuri na ni kitu kingine. Ukisoma mwenyewe unaweza kusimama kwenye sentensi moja dakika kumi ukabishana nayo. Rekodi inakupita.

Shangazi Mtu

Rekodi inarudishwa nyuma, mwanangu.

Jicho la Kitabu (mleta uzi)

Nimesoma yote, asanteni sana. Suala la kusikiliza nimelipeleka kwa wenzangu na tumekubaliana hivi: anayesikiliza anahesabiwa, mradi aje kwenye mjadala na jambo la kusema kuhusu sura aliyoisikia. Anayesoma kwa macho naye sharti ni hilo hilo, picha ya jalada haitoshi. Jedwali tumelifuta. Rekodi zibaki kwa aliyesomewa, zisisambazwe kundi hadi kundi, mwandishi naye anakula kwa kitabu hicho. PDF za kuiba hatuzitaki kwa sababu hiyo hiyo.

Kijana wa Kimara, naomba utaratibu wako wa kutangulia maktaba tuuchukue kama ulivyo.

Kilichobaki ni lini tuanze. Kuna wanaotaka mwezi wa tisa na kuna wanaotaka tusubiri Januari.

Tichaa wa Pwani

Kama mtakuwa na watoto wa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, angalieni kalenda kwanza. Sisi hufunga Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, nyinyi Juni na Desemba. Novemba msiiguse kabisa, kidato cha nne wa kwetu na wa kwenu wote wako kwenye mtihani. Desemba ndiyo inayotukutanisha. Mkianza hapo, sisi tumo.