Majirani wa Ua, Tudor: Posa ya Jumamosi na Bosi

Mama Zawadi (Alhamisi, 1:40 usiku): Majirani, assalamu alaikum na habari za jioni. Wageni wa posa ya binti ya Bi Rehema wataingia Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, nao watapita lango lilelile ambalo Bosi hulilinda. Mbwa wa miezi 9 hana ubaya, lakini amekwisha kuwa mzito na furaha yake haina breki. Naomba tukubaliane usiku huu.

Mama Zawadi (1:58): Tiki za buluu naziona, majibu siyaoni.

Shee wa Tuktuk (2:05): Napendekeza Bosi naye ashonewe kanzu aketi upande wa bwana harusi.

Mama Zawadi (2:07): Shee, mambo ya watu haya. Daktari wa mifugo aliyemchanja dhidi ya kichaa ameniambia kwamba mbwa mchanga humrukia mtu kwa sababu anautafuta uso wake, na kwa hiyo anayepiga ukelele au kumsukuma kwa mikono humpa kilekile alichokitaka. Atakayerukiwa asimame wima, ampe mgongo, asimtazame wala asimsemeze, na pindi miguu yote 4 inapotua chini ndipo asifiwe kwa sauti ya chini na kupewa kitu kidogo cha kutafuna.

Baba Neema (2:31): Ahsante, Mama Zawadi. Nyumbani ndivyo tufanyavyo, na ananisikia, ila kazi ya wiki nzima huvunjwa na jioni moja ya watoto kumchezesha langoni. Jumamosi nitamkimbiza alfajiri, jua halijawaka, kisha nimfunge kamba fupi nyuma ya nyumba pamoja na mfupa wake.

Bi Rehema (2:33): Kamba ilikuwapo pia siku ya jogoo.

Baba Neema (2:34): Bi Rehema, jogoo nilimlipa.

Bi Rehema (2:34): Ulilipa jogoo. Maneno hukuyalipa.

Mama Zawadi (2:36): Hayo yana siku yake. Mimi nauliza ni nani anayempa mahamri langoni, maana siku hizi humvamia kila mwenye mfuko wa karatasi, na wageni watakuja na masinia ya halua.

Shee wa Tuktuk (2:44): Ni hamri moja tu asubuhi, tena nusu nala mwenyewe.

Mama Zawadi (2:44): Kuanzia kesho uile nzima mwenyewe.

Mzee Athumani (3:20): Wanangu, mbwa wa ulinzi mimi sikumkataza, na tangu aje hatujaibiwa betri uani. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafii mate yake ni najisi, na nguo iliyoguswa huoshwa mara 7, mojawapo kwa maji yenye udongo. Mtu aliyekuja kutuomba mtoto hatuwezi kumpeleka mferejini kabla hajaketi. Baba Neema, mbwa ni wako, aibu itakuwa ya ua mzima.

Baba Neema (3:41): Shikamoo, Mzee. Nimeelewa, basi atolewe uani kabisa kabla ya Alasiri. Tatizo ni kwamba Jumamosi nina zamu bandarini kuanzia saa 8 mchana, na Neema ni mdogo mno kumshika peke yake.

Mama Zawadi (3:43): Atakayeshika kamba ajitaje. Na kesho jioni tufanye mazoezi: mtu abishe hodi mara 10 akiwa na sinia mkononi, mpaka Bosi achoke kushangaa.

Shee wa Tuktuk (3:50): Nitabisha mimi, mradi sinia lisiwe tupu.

Bi Rehema (4:02): Sinia ninalo. Kulibeba silibebi.

Mama Zawadi (4:03): Na kamba?

Musa wa Ghorofani (Ijumaa, 12:15 asubuhi): Samahani, jumbe nimeziona sasa hivi. Mimi Jumamosi nipo, ingawa Bosi hajanizoea sana. Kamba yenyewe ni ipi, ile mpya au ile iliyokatika siku ya jogoo?