Fomula, vigawo au kukamilisha mraba: tuanze na ipi kwa watoto wa kidato cha pili?

Mwalimu wa Makorora

Habari za jioni wanajukwaa. Nafundisha twisheni hapa Tanga, Makorora, kibarazani kwetu baada ya sala ya alasiri. Watoto ni saba, wanatoka shule tofauti, na kila mmoja amekuja na njia yake ya milinganyo ya kipeo cha pili. Wengine wanajua fomula peke yake, wengine vigawo, na mmoja anakamilisha mraba vizuri sana ila hajui kwa nini. Naomba tulinganishe hizi njia, maana nataka nianze na moja wote twende pamoja.

Jana nilimpa mmoja 2x² − 5x − 3 = 0. Fomula, yaani x = (−b ± √(b² − 4ac))/2a kwa mlinganyo ax² + bx + c = 0, ameihifadhi, anaighani kama kaswida. Alipofika kwenye b² akaandika −5² = −25, akajumlisha na 24, chini ya kipeuo ikabaki −1, akapiga mstari na kuandika "haina jibu". Majibu yapo: 3 na −½. Angeandika (−5)² angepata 25, ukijumlisha 24 ni 49, kipeuo chake 7, kisha (5 + 7)/4 na (5 − 7)/4. Mabano tu ndiyo yamemnyima hesabu nzima, na hatua nyingine zote alizipatia. Niiache fomula kwanza?

Binti Pangani

Mwalimu, mimi naanza na vigawo. Hiyo hiyo hesabu yako: zidisha 2 na −3 upate −6. Tafuta namba mbili ambazo zikizidishwa ni −6 na zikijumlishwa ni −5. Ni −6 na 1. Basi 2x² − 6x + x − 3, toa 2x hapa, toa 1 pale, unabaki na (x − 3)(2x + 1) = 0. Hakuna kipeuo wala sehemu ndefu. Tena hesabu za kidato cha nne kikokotoo hakiingii chumba cha mtihani, kwa hiyo kila kipeuo unachokikwepa ni dakika umeokoa.

Ila vigawo vina mtego wake, nimeuona mara nyingi mno. Mpe mtoto bustani ambayo urefu unazidi upana kwa mita 5 na eneo lake ni mita za mraba 84. Ataandika vizuri x(x + 5) = 84, halafu atasema x = 84 au x + 5 = 84. Amejifunza kutenganisha mabano, hajajifunza kwa nini yanatenganishwa. Mimi huwa nawauliza: nimezidisha namba mbili nikapata 84, ni zipi? Wananitajia 1 na 84, 2 na 42, 7 na 12, na wangeendelea mpaka magharibi. Sasa nimezidisha namba mbili nikapata 0. Hapo wananyamaza kidogo, kisha mmoja anasema: "Lazima moja iwe sifuri." Basi, somo limeingia. Kila kitu kinahamia upande mmoja: x² + 5x − 84 = 0, (x + 12)(x − 7) = 0, upana ni mita 7. Ile −12 inatosheleza mlinganyo, lakini si upana wa bustani, inaachwa.

Mzee wa Mabawa

Wanangu, nimefundisha hesabu mpaka nimestaafu. Kukamilisha mraba mnakuonea, na ndiko kulikoizaa hiyo fomula. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdadi katika karne ya 9, alieleza x² + 10x = 39 kwa picha, na neno aljebra lenyewe limetokana na al-jabr iliyomo katika jina la kitabu chake.

Nilikuwa nachora chini kwa kijiti. Mraba wa upande x. Ile 10x igawe mara mbili: mstatili wa 5 kwa x ubandike kulia, mwingine ubandike chini. Tazama pembeni, kuna kona tupu. Kona hiyo ni 5 kwa 5, yaani 25. Uijaze, na upande wa pili nao uongeze 25: 39 + 25 = 64. Sasa mraba mzima una upande x + 5, na eneo lake ni 64, kwa hiyo x + 5 = 8, x = 3. Mtoto aliyeiona ile kona kwa macho yake hasahau kuongeza pande zote mbili. Asiyeiona ndiye anayeongeza 25 kushoto akaisahau kulia.

Kisha mkumbushe kwamba mchoro unakubali urefu chanya tu. Kwenye aljebra x + 5 ni 8 au −8, kwa hiyo −13 nayo ni jibu.

Kijana wa Ngamiani

Shikamoo mzee. Mimi nipo chuo, nasaidia wadogo zangu hapa barabara ya 12. Mwalimu, nadhani usianze na njia, anza na kuutazama mlinganyo. Watafute b² − 4ac kabla ya yote. Ikitoka namba yenye kipeuo kamili kama 49, vigawo vipo, wavitafute. Ikitoka kama 13, wasipoteze muda, waende kwenye fomula. Ikiwa hasi, hakuna jibu katika namba halisi, na hapo ndipo waangalie tena mabano yao kama yule mwanafunzi wako.

Kwa wanaohangaika kubahatisha namba mbili, ipo njia ambayo mwanahisabati Po-Shen Loh wa Marekani aliieneza mwaka 2019, ingawa mizizi yake ni ya kale. Chukua x² − 14x + 45 = 0. Namba mbili zinajumlishwa kuwa 14, kwa hiyo katikati yao ni 7. Moja ni 7 − u, nyingine 7 + u. Zikizidishwa: 49 − u² = 45, u ni 2. Majibu 5 na 9. Hukubahatisha chochote.

Mfugaji wa Pongwe

Samahani kuingilia, ila mwanangu yuko kidato cha nne na zile hesabu za kubwa kuliko na ndogo kuliko zinamsumbua kuliko hizi. Nina wavu wa mita 40, nataka banda la mstatili la kuku lisilopungua mita za mraba 96. Urefu na upana pamoja ni mita 20, basi aliandika x(20 − x) ≥ 96, mwisho akaniambia x ≤ 8 au x ≤ 12. Nikamwambia upande wa mita 5 je? 5 mara 15 ni 75, haitoshi. Akakwama.

Binti Pangani

Alipofika −x² + 20x − 96 ≥ 0 angezidisha kwa −1 na kugeuza alama: x² − 20x + 96 ≤ 0, yaani (x − 8)(x − 12) ≤ 0. Asiyatenganishe mabano hapo, ile kanuni ya sifuri haifanyi kazi kwenye ≤. Achore mstari wa namba, aweke 8 na 12, ajaribu namba moja kila kipande. 5 inakataa. 10: 10 mara 10 ni 100, inakubali. 13 mara 7 ni 91, inakataa. Kwa hiyo 8 ≤ x ≤ 12.

Mwalimu wa Makorora

Nawashukuru sana, na mzee marahaba zako zimefika mpaka kibarazani. Leo nimeanza na swali la sifuri la dada wa Pangani, kisha nikawapa x² = 7x. Wanne waligawa kwa x wakabaki na 7. Yule wa "haina jibu" alihamisha akaandika x(x − 7) = 0, akawaambia wenzake: "Mmegawa kwa kitu ambacho kinaweza kuwa sifuri." Kesho nawachorea ile kona ya 25.

Mfugaji wa Pongwe

Mwanangu ameichora, amejaribu namba zake, amenipa 11 kwa 9. Mita za mraba 99. Nguzo tunachimbia Jumamosi.