Wametafsiri hadi kimya: filamu ya watu wasioelewana, wote wanaongea Kiswahili sanifu!

Wakuu, salamu ndefu mtanisamehe. Nina hasira tangu jana usiku na usingizi wenyewe nimeuokoteza.

Kuna filamu ya mapenzi niliiona miaka kadhaa nyuma kwenye onyesho dogo, ukumbini hatukufika watu ishirini. Jina lake silitaji, maana walioitengeneza hawana kosa na sitaki mtu aisuse kwa ajili ya povu langu. Kisa chake chepesi. Meli ya abiria imeharibika, mwanamume na mwanamke wasiojuana wanakwama usiku kucha kwenye chumba cha kusubiria bandarini. Huyu ana lugha yake, yule ana yake, na hakuna neno wanalokutana ukitoa majina yao mawili na jina la meli. Kukipambazuka wamependana. Na wewe uliyekaa pale unaweza kuapa kwamba umeyaona mapenzi yakiingia, dakika kwa dakika, ilhali hakuna aliyekuambia chochote.

Jana nikaikuta kwenye huduma moja ya kukodi filamu mtandaoni. Nikalipa mbio mbio kama naibiwa. Nikamwita mke wangu: leo simu weka mbali, njoo uone ile filamu niliyokusumbua nayo miaka yote hii.

Kubonyeza tu, sauti za Kiswahili. Nikiri kwamba nilifurahi, nikasema ah, na sisi tumefikiwa. Furaha yenyewe ilidumu dakika nne.

Kuna pale mwanamume anamsogelea mwanamke na kumuuliza kitu. Katika filamu niliyoiona mimi, mwanamke anautazama mdomo wake kama mtu anayesoma kibao kwenye giza, kisha anatikisa kichwa na kucheka kwa aibu. Basi. Sasa pokeeni mlichoandaliwa na wataalamu wetu:

"Samahani dada, unazungumza Kiswahili?"

"Hapana, kaka. Samahani sana, mimi sizungumzi Kiswahili hata kidogo."

KWA KISWAHILI! Tena Kiswahili cha kusomea taarifa ya habari, ngeli zimekaa mahali pake, hakuna hata kigugumizi cha kuzugia. Mke wangu akanigeukia: "Huyu dada ana nyodo, si aseme tu hataki kuongea naye?"

Ningemjibu nini? Kwa kile alichokuwa anakiona na kukisikia, yuko sahihi. Kuanzia hapo tukawa tunaangalia watu wawili wenye akili timamu wanaoongea lugha moja, na kila mmoja anajifanya hamsikii mwenzake. Mwanamume anasema, "Naomba uzi, kifungo changu kinataka kukatika." Mwanamke anajibu, "Sijui unasema nini, lakini macho yako yana huzuni." Halafu anampa sahani. Kwenye filamu halisi ile sahani ilituvunja mbavu, maana mwanamume alikuwa anaonyesha kwa vidole na mwanamke akaotea vibaya. Hapa mwanamke anaonekana punguani, na mwanamume naye punguani zaidi kwa kuipokea na kushukuru.

Lakini hayo ningeyameza. Kilichoniuma hasa ni benchi.

Karibu na katikati, mwanamke amepata sindano na uzi, anashona kile kifungo. Mwanamume ameketi na shati la ndani, anaanza kuongea. Anaongea kwa muda mrefu, sauti ya chini, bila kumtazama. Siku ile ukumbini, kwenye sehemu hii hakukuwa na maandishi yoyote chini ya picha. Hata neno moja. Kamera imebaki kwenye mikono ya mwanamke. Sindano inapanda, inashuka, inapanda, halafu mahali fulani katikati ya yale maneno inasimama. Inasimama tu, kisha inaendelea. Ukumbi mzima ulinyamaza na nikasikia mtu nyuma yangu anavuta kamasi. Hakuna aliyejua mwanamume amesema nini, na mwanamke naye hakujua, ila sindano ilijua. Na ndiyo maana mwanamume aliweza kusema: mwanamke hakuwa na uwezo wa kumhukumu.

Miaka yote nilikuwa na maneno yangu mwenyewe ndani ya ile sauti. Nilimfikiria mtoto aliyekufa. Kuna siku nilifikiri anamzungumzia baba yake, labda kwa sababu mimi mwenyewe siku hiyo nilikuwa namfikiria wangu.

Jana jamaa mmoja mwenye sauti ya matangazo ya sabuni amenisomea yote, neno kwa neno. Kumbe ni nyumba. Walirithi na kaka yake, kaka akaiuza kinyemela. Kesi ya urithi, wakuu! Sasa najua na sina namna ya kutojua tena. Mtu amenilipisha hela halafu ameninyang'anya kitu nilichokuwa nacho bure.

Najua kuna atakayesema: mbona wanaoijua lugha ya yule mwanamume walielewa tangu mwanzo? Ni kweli, na hiyo ndiyo raha ya filamu za namna hii. Mwenye lugha ya mwanamume anakaa upande wa mwanamume, mwenye lugha ya mwanamke anakaa upande wake, na sisi tusio na hata moja tunakaa benchi la nyuma tukisoma mikono. Kila mmoja anatoka na filamu yake. Walichofanya hawa ni kutukusanya wote na kutuketisha mahali ambapo hakuna mhusika hata mmoja aliyewahi kukaa.

Na msiniambie kwamba mwongozaji alisahau kutafsiri. Hawa watu hawasahau. Chukueni Lost in Translation ya Sofia Coppola, ya mwaka 2003. Bill Murray ni mwigizaji wa Kimarekani aliyekwenda Tokyo kupiga tangazo la wiski. Mwongozaji wa tangazo anamwagika Kijapani mfululizo, mikono juu, hisia zote. Mkalimani anageuka na kumpa sentensi moja fupi: ageuke, aitazame kamera. Jamaa anabaki anauliza kama kweli ni hayo tu. Kile Kijapani hakikuwekewa maandishi, kwa makusudi, ili tubaki tumeduwaa pamoja naye. Weka tafsiri pale na umeua kichekesho, na umeua na upweke wote uliojengwa juu yake. Na mwishoni kabisa anamnong'oneza Scarlett Johansson kitu barabarani ambacho hatukisikii. Kuna watu walichukua ile sauti wakaisafisha kwa kompyuta wapate kujua amesema nini. Nilikuwa nawacheka. Leo nawahurumia, maana najua kinachofuata ukishajua.

Wala sina ugomvi na maandishi yenyewe. Mwaka huohuo wa 2003 kulikuwa na Love Actually, ile ya Colin Firth na msichana wa Kireno. Yeye anaongea Kiingereza, msichana Kireno, na maandishi yanatuambia upande wa pili unasema nini. Tunawaona wanasema jambo lilelile bila kujua, tunatamani kuingia kwenye kioo tuwaambie. Pale maandishi ndiyo mzaha wenyewe. Mwenye filamu kaamua sisi tujue na wao wasijue. Kwenye filamu yangu ya bandarini mwenye filamu kaamua sote tusijue. Uamuzi ni wake. Wewe wa kubandika sauti umeupata wapi?

Halafu kuna Decision to Leave ya Park Chan-wook, 2022. Mpelelezi ni Mkorea, mwanamke anayeshukiwa ni Mchina. Kikorea anakijua lakini kikimwishia anaongea Kichina kwenye simu, na simu inatoa Kikorea kwa sauti baridi ya mashine. Kwa hiyo yule mwanamume anapokea hisia kwanza, uso na pumzi, kisha anangoja maana ije nyuma yake kama mzigo uliochelewa. Nusu ya mapenzi yao iko ndani ya kule kungoja. Nawaza hawa ndugu zetu wakikabidhiwa hiyo. Mwanamke ataongea Kiswahili kwenye simu, na simu itamtafsiria mwanamume kwa Kiswahili. Nacheka lakini siyo kicheko.

Basi nikasema nisikate tamaa, nikaingia kwenye mipangilio, nikarudisha sauti asilia na kuwasha manukuu, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kuna shimo chini ya shimo.

Kila kitu kimetafsiriwa. Huyu, yule, tangazo la kipaza sauti cha bandari, hadi wimbo unaosikika kwa mbali kwenye redio. Rangi moja, mwandiko mmoja, hakuna alama kwamba hapa lugha imebadilika. Lakini kuna sehemu moja, moja tu, ambayo filamu yenyewe ilituwekea tafsiri: barua anayoisoma mwanamke kwa sauti alfajiri, mwanamume akiwa amelala. Ndiyo siri tunayopewa sisi peke yetu. Mnajua wameandika nini hapo?

[anaongea lugha ya kigeni]

Nimeipiga picha, ninayo. Palipotakiwa pafungwe wamefungua, palipotakiwa pafunguliwe wamefunga na kumeza ufunguo. Na kigeni kwa nani? Kwenye filamu ile kila mtu ni mgeni wa mwenzake!

Kazi hii ina taratibu zake na si siri. Huduma kubwa za mtandaoni kwa kawaida zinataka mistari isizidi miwili, herufi kama 42 kwa mstari, na maandishi yasikae kwenye kioo zaidi ya sekunde kama 7, ili jicho lipate nafasi ya kutazama nyuso. Hawa wameweka mistari mitatu, tena yanatokea kabla mhusika hajafungua mdomo. Pale kwenye benchi nilimaliza kusoma habari za nyumba ya urithi wakati yeye bado anameza mate. Sindano iliposimama nilikuwa nasoma. NILIKUWA NASOMA, wakuu. Kile kitu kimoja kilichonifanya niipende filamu kimepita mbele yangu na macho yangu yako chini yanahangaika na koma.

Nimewaandikia huduma kwa wateja, ukurasa mzima, kwa adabu zote. Jibu limekuja leo asubuhi: wanasikitika kwa usumbufu, nizime kifaa nikiwashe tena. Nimezima. Nimewasha. Dada bado hazungumzi Kiswahili kwa Kiswahili.

Nyongeza: Kuna mkuu hapo chini anasema "ni filamu tu, punguza povu, kama hutaki tafsiri kajifunze lugha." Mkuu, sijasema sitaki tafsiri. Nataka mtafsiri aliyeitazama filamu kabla ya kuitafsiri. Huyu wa jana alipewa karatasi ya maneno akaambiwa yote yageuke Kiswahili, akageuza. Sina hakika hata kama alionyeshwa picha. Angeonyeshwa, angejiuliza kwa nini watu wanaoelewana hivi wanaongea kwa vidole.

Na hata sauti za Kiswahili zingewezekana, msidhani napinga. Mwanamume mpe Kiswahili, mwanamke mwache na lugha yake. Dakika tano za kazi ya fikra. Tungekaa upande wa mwanamume na tungepoteza kidogo, lakini ukuta ungebaki umesimama.

Nyongeza ya pili: Dada mmoja ameandika kwamba hasikii, na kwamba nikisema "wasiandike kitu" namfungia yeye nje kabisa, kwa sababu hawezi kujua kama mtu kanyamaza au anaongea asichokielewa mwenzake. Dada yangu, hapo umenikamata, sikukufikiria na naomba radhi. Mtu asiyesikia anastahili kuambiwa kwamba lugha imebadilika, na aambiwe ni ipi: "anaongea Kijapani", "anaongea Kireno". Hapo unaijua sauti iliyopo bila kupewa maana ambayo wengine wote wamenyimwa. Hilo nitaliongeza kwenye barua ya pili, ambayo naiandika leo bila adabu.

Hela sijarudishiwa. Mke wangu anasema filamu ilikuwa nzuri tu, ila ilikuwa ya kesi ya nyumba, na anashangaa kwa nini miaka yote nilikuwa namwambia ni ya mapenzi.

Kama kuna mwenye kujua inakouzwa diski halali za filamu za zamani zenye sauti asilia na uwezo wa kuzima maandishi yote, anitumie ujumbe huko pembeni nimtajie jina. Nataka mke wangu arudi kwenye ile sindano bila kuambiwa kitu. Mimi nitakaa nikimtazama yeye, maana kwangu pale benchini pameshaharibika.