Printa ya kasi kwa chuo Arusha: leza au ya wino, na programu ipi ya kusimamia uchapaji?

Mwl_Sakina
Wakuu, habari za kazi. Nasimamia TEHAMA kwenye chuo kimoja hapa Arusha. Tunataka kuachana na viprinta vidogo vilivyotapakaa kila ofisi, tuweke mashine moja kubwa ya mtandao kwa ajili ya mitihani na vitini. Pamoja nayo tunataka programu ya kuonyesha nani kachapa nini, na ya kuzuia mtihani usitoke mpaka mwenyewe awe amesimama pale mashineni. Wauzaji wawili wamekubali kutuletea mashine za kujaribu: mmoja ana leza ya kurasa 70 kwa dakika, mwingine ana ya wino, Epson WF-C20590, inayotajwa kurasa 100 kwa dakika. Kwenye programu nimebaki na njia tatu: PaperCut, SavaPage, au namba za siri za idara zilizomo ndani ya mashine yenyewe. Mliokwisha kuifanya kazi hii, mngepima nini kwanza?

FundiNjiro
Mwalimu, karibu. Anza kwa kuweka pembeni hizo 70 na 100. Kasi ya kwenye vipeperushi hupimwa kwa kiwango cha ISO/IEC 24734, na mafaili yake ya majaribio ni ya ofisi ya kawaida: Word, Excel, PDF. Mtihani wenu wa Biolojia wenye michoro iliyoskaniwa ni mzigo mwingine kabisa.

Piga hesabu hii. Ukurasa wa A4 wa rangi, nukta 600 kwa inchi, kabla haujabanwa ni karibu MB 100. Swichi ya zamani ya megabiti 100 kwa sekunde haipitishi zaidi ya MB 12.5 kwa sekunde, kwa hiyo ukurasa huo ungekaa njiani sekunde nane. Mashine ya kurasa 100 kwa dakika inataka ukurasa mpya kila sekunde 0.6. Dereva nzuri, yaani programu ya kwenye kompyuta inayoiendesha printa, hubana data na hali halisi huwa nafuu kuliko hapo, lakini umeona shida inapoweza kujificha. Kabla mashine haijafika, hakikisha njia yote kutoka kwenye seva hadi pale itakapokaa ni ya gigabiti, kebo na swichi.

Kisha chukua mitihani yenu ya muhula uliopita, si ukurasa wa majaribio wa muuzaji. Faili lile lile lichape kwa dereva ya PCL 6, halafu kwa PostScript (ni lugha mbili ambazo kompyuta hutumia kuielezea printa ukurasa). Kwanza litume moja kwa moja kwenye mashine, halafu lipitishe kwenye programu ya usimamizi. Saa ianze pale unapobonyeza kuachia kazi, isimame karatasi ya mwisho inapotua kwenye trei. Tofauti kati ya kutuma moja kwa moja na kupitisha kwenye programu ndiyo gharama ya programu kwa upande wa muda, na hakuna muuzaji atakayekuambia hiyo.

Kitu kingine: nakala. Mtihani wa kurasa 12 kwa nakala 40 ni kurasa 480, leza ya 70 inatakiwa kuumaliza kwa dakika kama saba. Tazama ukubwa wa kazi kwenye foleni. Ikiwa nakala 40 zina uzito mara 40 ya nakala moja, dereva inatuma kila nakala upya, na hapo hata mashine ya bei gani itatambaa. Inatakiwa faili liende mara moja, mashine yenyewe ilirudie.

Dada_Kijenge
Mimi nina stationery, mashine ndiyo jembe langu, kwa hiyo nitaongelea mashine tu. Leza huyeyusha tona kwa joto, ile fyuza hufika karibu nyuzi 200. Kila inapopasha inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Usiiunganishe kwenye UPS ndogo ya kompyuta, itailemea. Inataka laini yake na stebilaiza yenye nguvu ya kutosha. Ya wino haina cha kupasha, umeme wake ni kidogo sana, na ndiyo maana wenye jenereta dogo wanaipenda.

Lakini mwalimu, usiishie kwenye umeme. Chapa ukurasa wenye picha nzito pande zote mbili kwenye rimu ile ile mnayonunua kila siku, gramu 80. Ukitoka tu, pitisha kidole chenye unyevu juu ya maandishi, kisha ugeuze uone kama wino umepenya nyuma. Mwanafunzi atauandikia mtihani ule kwa saa tatu na mikono ina jasho. Mwambie muuzaji asilete karatasi zake.

Mangi_Mtandao
Nipo Moshi, naendesha PaperCut kwenye taasisi yenye idara nyingi. Niongeze mambo ambayo FundiNjiro hajayagusa.

La kwanza ni mlango wa nyuma. Chukua laptopu ya mhadhiri yeyote, ongeza printa kwa anwani yake ya IP bila kupita kwenye seva, poti 9100 (mlango wa mtandao ambao printa hupokelea kazi). Ikichapa, programu yako haihesabu chochote na mtihani unaweza kutoka bila kumbukumbu. Ingia kwenye mipangilio ya mashine, ruhusu anwani ya seva peke yake, funga poti za uchapaji 9100, 515 na 631 kwa wengine wote, kisha jaribu tena. Hili lifanye mbele ya muuzaji, maana si kila mashine ina kichujio hicho.

La pili ni karatasi kukwama. Tuma kazi ya kurasa 100, fungua mlango wa mashine katikati, ifute. Je, mhadhiri amehesabiwa kurasa 100 au zile zilizotoka tu? Programu inaweza kusoma kaunta ya mashine kwa SNMP (njia ya kuuliza hali ya kifaa kupitia mtandao) na kurekebisha hesabu. Ila kuna gharama: ili hesabu za watu wawili zisichanganyike, inasubiri kazi moja iishe ndipo iachie nyingine. Kwa kazi ndefu hutaona tofauti. Kwa foleni ya barua za ukurasa mmoja mmoja, mashine ya kurasa 100 itakaa inasubiri zaidi kuliko inavyochapa. Pima usomaji huo wa kaunta ukiwa umewashwa na ukiwa umezimwa, ndipo uamue kipi kina uzito kwenu, hesabu au kasi.

Na uwaulize wauzaji wanakutajia toleo lipi la PaperCut, NG au MF. NG inasimamia uchapaji. Ukitaka pia kopi na skani, na watu waingie kwa kadi kwenye kioo cha mashine, hiyo ni MF, na lazima mashine iwe kwenye orodha ya zinazokubali. NG unaweza kuijaribu bure kwa siku 40, kwa hiyo ianzishe siku mashine inapoingia, si kabla.

Rau_Linux
Naitetea SavaPage. Ni programu huria, inakaa juu ya Linux na CUPS (mfumo wa uchapaji wa Linux), na kuachia kazi baada ya mtu kujitambulisha inaweza. Kwa mashine moja na watumiaji wa chuo kimoja, sioni sababu ya kulipia leseni.

Mangi_Mtandao
Ndugu yangu Rau, uwezo inao, sibishi. Swali ni nani ataigusa seva saa mbili usiku, kesho yake mtihani, na Mwalimu yuko msibani Rombo? Kama chuoni kuna mtu wa pili anayeijua Linux vizuri, aichukue. Kama hayupo, alipie.

Mwl_Sakina
Asanteni sana. Wa pili yupo, kijana mzuri, ila bado anajifunza. Na zile namba za siri za mashine yenyewe mnazionaje?

FundiNjiro
Kwa ofisi ya watu kumi zinatosha. Kwa mitihani hapana. Namba ya idara huishia kujulikana na idara nzima, na mtihani ukivuja utaambiwa "Idara ya Sayansi" ndiyo iliyochapa. Hujapata jina la mtu.

Wakili_Themi
Samahani kuingilia, mimi si fundi. Kumbukumbu za nani kachapa nini ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023. Majina ya mafaili peke yake yanaweza kusema mengi: "barua ya onyo", "majibu ya hospitali". Amueni mapema nani anaruhusiwa kuzisoma na zinakaa muda gani, na wafanyakazi wajulishwe.

FundiNjiro
Wakili amenikumbusha jambo. Mashine hizi nyingi zina diski ndani. Kabla ya kumrudishia muuzaji ile utakayoikataa, mitihani yenu mliyojaribia bado inaweza kuwemo. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kufuta diski kwa kuandika juu yake, ifanye mwenyewe, na umwombe muuzaji asaini kwamba imefanyika.

Mwl_Sakina
Hilo la diski naliweka kwenye barua ya makubaliano kabla mashine hazijashushwa. Nitaanza na PaperCut NG kwa zile siku 40, na kijana ataweka SavaPage kwenye kompyuta ya pembeni tuilinganishe kwa faili lile lile. Dada Kijenge, stebilaiza ya leza ya aina hii niulizie ya ukubwa gani?

Dada_Kijenge
Soma kibandiko cha nyuma ya mashine, kina wati za juu kabisa. Zidisha mara mbili, usinunue chini ya hapo. Na uweke laini ya ardhi kabla ya yote.