Kundi la Familia ya Koko (bibi yetu), Bukavu

Mama Neema: Jambo familia. Neema yuko ku mwezi, tumbo linamukata tangu jana, hakuenda masomo. Koko, ile dawa yako inatengenezwa namna gani?

Asifiwe: Koko anasema (mimi ndiye ninaandika, yeye anapiga kelele huku): utwange tangawizi mbichi, usiikate vipande, uchemshe, anywe asubuhi na jioni. Aanze siku damu inaonekana, asingoje maumivu yamukamate.

Mama Furaha: Na mubirizi, yale majani machungu? Kuna mama anauza pale soko ya Kadutu, anasema unasafisha kizazi na kuyeyusha miomu, ule uvimbe wa kizazi.

Tantine Sifa: Mubirizi HAPANA. Si ndio wamama wanakunywa ili mtoto atoke mbio? Unakaza kizazi. Tumbo la Neema linauma sababu kizazi kinajikaza, sasa unamutia chumvi ku kidonda. Na miomu haijathibitika kuyeyuka kwa majani. Zingine zinanywea zenyewe mama akizeeka na hedhi ikikoma kabisa, muuzaji anajisifu bure.

Mama Furaha: Eee, aksanti daktari 🙄

Tantine Sifa: Ni kazi yangu, mama. Tangawizi ya Koko watafiti wameipima, lakini ile kavu: unga wa miligramu 750 mpaka 2000 kwa siku, siku 3 au 4 za kwanza, maumivu yanapungua. Karibu nusu kijiko cha chai cha unga huo kwa siku inatosha.

Asifiwe: Koko anacheka. Anasema yeye alipima zamani.

Baba Josué: Jamani na siye wanaume tuko humu 😅

Asifiwe: Koko anauliza wewe ulizaliwa na nani.

Tantine Sifa: Mama Neema, damu inatoka namna gani?

Mama Neema: Nyingi. Tangu asubuhi anabadilisha Kotex kila saa, na mapande mapande.

Tantine Sifa: Weee! Hilo ndilo ulipaswa kusema kwanza. Acha sufuria, mupeleke hospitali sasa. Wapime damu, wapime mimba, wafanye ekografi, ile picha ya ndani ya tumbo.

Mama Neema: Mimba?? Sifa, mtoto wa miaka 16!

Tantine Sifa: Ni kipimo, si tusi. Anasikia kizunguzungu? Anakula pemba?

Mama Neema: Akisimama anayumba. Pemba, kila siku! Nazikuta mu mfuko wake wa masomo, katikati ya makaye.

Tantine Sifa: Ule udongo unazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Uwaambie hata hilo. Asiende ku mguu.

Mama Neema: Tunapanda pikipiki.

Baba Josué: Ninatuma pesa ya pikipiki na ya ekografi. Angalia simu.