Mpwa wangu anavuta bangi na ananijibu kwa sheria za Kanada: naomba ushauri

Mjomba wa Tabata (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, natanguliza salamu, na kwa wakubwa zangu shikamooni. Jambo ninalolileta linahusu mpwa wangu mwenye umri wa miaka 19, mtoto wa dada yangu aliyeko Ifakara, ambaye ninaishi naye hapa Tabata tangu alipoingia kidato cha tano. Amemaliza kidato cha sita, amekwenda JKT na kurudi salama, na sasa anasubiri chuo kifunguliwe. Tangu arudi anavuta bangi. Silisemi hili kwa kuhisi tu: chumba chake cha uani kinafukizwa udi kila magharibi, ilhali hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kupenda udi, na mke wangu alipoinua godoro ili afagie alikuta misokoto iliyoviringwa kwa kurasa za daftari la Kemia, jedwali la elementi likisomeka kwa nje.

Nilipomwita tukazungumza, hakukana. Kilichonishangaza ni kwamba alikuwa amejiandaa kama mtu anayekwenda kwenye mdahalo. Aliniambia, "Mjomba, Uruguay waliruhusu mwaka 2013, Kanada mwaka 2018, Ujerumani Aprili 2024, na Afrika Kusini Mahakama ya Katiba ilishasema mtu mzima akivuta faraghani hana kosa. Hao wote hawana akili?" Akaongeza kwamba pombe inaharibu familia nyingi zaidi, na bado kreti za bia zinashushwa mtaani kwetu mchana kweupe. Hoja ya pombe, kusema kweli, haijibiki kirahisi.

Mke wangu anataka arudishwe Ifakara kwa mama yake. Jirani mmoja, ambaye dirisha lake linatazamana na chumba hicho, ameshaniambia kwamba moshi ukiendelea atalifikisha suala kwa mjumbe. Mimi sitaki kijana aharibikiwe wala afungwe. Naomba wenye ujuzi wanisaidie: hizo nchi zimeruhusu nini hasa, na je, kuna mahali hapa Dar es Salaam ambapo kijana wa namna hii husaidiwa?

Baba Neema

Ndugu yangu, unamfuga. Mtoto anayekula kwako hawezi kukuwekea mdahalo kuhusu moshi ndani ya nyumba yako. Mpeleke kituo cha polisi alale ndani siku mbili, atarudi akiwa amesahau Kanada iko upande gani wa dunia.

Wakili Msomaji

Naomba nipingane na Baba Neema kwa heshima zote, kwa sababu ushauri wake ni rahisi kuufuata na ni vigumu sana kuurudisha nyuma. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inafanya kulima, kuuza, kumiliki na kutumia bangi kuwa makosa ya jinai, na haina kifungu cha kulazwa ndani siku mbili kwa ajili ya kutiana adabu. Ukimpeleka na misokoto mkononi, umeanzisha jalada. Likishafunguliwa haliko tena mikononi mwako, na siku kijana atakapohitaji cheti cha tabia njema kwa ajili ya ajira au safari, ndipo mtakapokutana nalo tena.

Lipo jambo jingine ambalo mleta uzi hakuliuliza lakini linamhusu yeye binafsi. Sheria hiyohiyo inamgusa mwenye nyumba anayejua kwamba nyumba yake inatumiwa kwa kosa la dawa za kulevya na akaruhusu. Tangu siku godoro lilipoinuliwa, huwezi kusema hukujua. Kwa hiyo agizo la kwanza, kabla ya mazungumzo ya falsafa, ni kwamba hakuna kitu kinachowekwa wala kuvutwa ndani ya uzio wako, na sababu unayompa ni hiyo ya kisheria, isiyohitaji ubishi.

Kuhusu Afrika Kusini, kijana amesoma nusu ya habari. Ni kweli kwamba mwezi Septemba 2018 Mahakama ya Katiba iliondoa kosa kwa mtu mzima anayetumia, kumiliki au kulima kwa matumizi yake binafsi faraghani, na mwaka 2024 Rais Ramaphosa alitia saini sheria iliyofuata hukumu hiyo. Lakini kuuza kwa ajili ya starehe kulibaki kuwa kosa. Anaweza pia kukutajia kura ya Umoja wa Mataifa ya Desemba 2020, ambapo tume inayoshughulikia dawa za kulevya iliiondoa bangi kwenye Jedwali la Nne, yaani orodha ya dawa zinazobanwa kwa ukali zaidi, la mkataba wa dawa za kulevya wa mwaka 1961 kwa kura 27 dhidi ya 25. Mwambie asome na sentensi inayofuata: bangi ilibaki kwenye Jedwali la Kwanza, yaani bado iko chini ya udhibiti wa kimataifa. Kilichobadilika ni kutambua kwamba ina matumizi ya kitabibu.

Mzaliwa wa Magomeni

Mimi ninaishi Ontario, na kwa kuwa Kanada imetajwa kwenye kichwa cha uzi, nadhani ninawajibika kusema neno. Watu wa nyumbani wakisikia kwamba Kanada imehalalisha, hupata picha ya nchi ambamo kila mtu anavuta popote apendapo. Sheria iliyoanza Oktoba 17, 2018 ni nene kuliko wanavyodhani. Umri wa kununua hapa Ontario ni miaka 19, na Quebec wameupandisha hadi 21. Mtu mzima haruhusiwi kutembea na zaidi ya gramu 30. Vyakula vyenye bangi haviruhusiwi kuzidi miligramu 10 za THC, yaani ile kemikali inayolevya, kwa pakiti nzima, na pakiti yenyewe haina mapambo bali maandishi ya onyo. Anayempa au kumuuzia mtoto anaweza kufungwa hadi miaka 14. Ukikamatwa unaendesha gari ukiwa umelewa bangi, hakuna askari atakayekusikiliza ukimweleza kwamba ulinunua kihalali.

Yapo mema na ni haki niyaseme. Kabla ya mwaka 2018 vijana weusi wa Toronto walikuwa wakikamatwa kwa kumiliki bangi kidogo kwa kiwango kilichozidi mno idadi yao, ilhali wazungu walivuta vilevile. Mashtaka hayo yalipungua sana, na mwaka 2019 serikali iliweka utaratibu wa kusamehe bila ada wale waliokuwa na hatia za kumiliki tu. Kwa mama mwenye mtoto wa kiume mweusi hilo si jambo dogo. Upande wa pili, madaktari wa Ontario wameandika juu ya watoto wadogo wanaofikishwa hospitalini baada ya kula peremende na biskuti zenye bangi zilizoachwa na wazazi mezani, na idadi yao iliongezeka baada ya vyakula hivyo kuruhusiwa. Wauzaji wa kificho nao hawakutoweka, kwa sababu hawalipi kodi na bei yao ni ya chini.

Ninachotaka mpwa wako akione ni hiki: mteja wa duka la hapa anasoma kwenye pakiti kiasi cha THC alichonunua. Yeye anajua nini kilichomo kwenye ule msokoto wa daftari la Kemia?

Mkulima Mtarajiwa

Nitakuwa wa kwanza hapa kusema wazi kwamba ninaunga mkono mjadala wa kuhalalisha, angalau kwa dawa na kwa kilimo cha leseni. Lesotho ilitoa leseni za kilimo cha tiba mwaka 2017, Zimbabwe ikafuata mwaka 2018, Malawi mwaka 2020, na Rwanda nayo imeruhusu uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje. Sisi kila mara tunaona picha za maofisa wakifyeka na kuchoma mashamba Arumeru na Tarime, na msimu unaofuata mashamba yamerudi, kwa sababu mkulima hajapewa zao jingine linalomlipa vile. Tunachoma moto na hatuulizi swali.

Hata hivyo sitamdanganya kijana. Huko Lesotho leseni ziligharimu fedha ambazo mkulima wa mlimani hawezi kuziota, na walionufaika zaidi ni kampuni zenye mitaji kutoka nje. Dawa ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2018 kwa ajili ya aina adimu za kifafa cha watoto imetokana na CBD, sehemu ya mmea isiyolevya, na hutolewa kwa kipimo cha daktari. Wala haina uhusiano na kupuliza jioni nyuma ya nyumba. Thailand, ambayo vijana wengi huitolea mfano, iliiondoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya Juni 2022, maduka yakaota kila kona, na ilipofika Juni 2025 serikali ikarudisha sharti la cheti cha daktari. Mimi ninayeunga mkono ninaitumia Thailand kama onyo la kufungua mlango kabla ya kuandika kanuni.

Mama Kijichi

Mimi nauliza jambo dogo tu: hela anaipata wapi, na nani anamuuzia? Hapo ndipo mtaa unapoumia, maana kijiwe kinachomuuzia mpwa wako ndicho kitakachomuuzia mdogo wake wa darasa la saba. Kumrudisha Ifakara ni kumtwisha dada yako mzigo bila kuupunguza, na bangi Ifakara ipo. Mtafutie shughuli ya kumtoa nyumbani kuanzia asubuhi, hata kama ni kusaidia dukani kwa mtu. Na jirani huyo mwendee wewe mwenyewe kabla hajakwenda kwa mjumbe, umweleze kwamba unalishughulikia. Watu wengi hupeleka shauri mbele kwa sababu waliona wamedharauliwa.

Nesi wa Upanga

Nimefanya kazi wodi ya afya ya akili kwa muda mrefu, nami nitalisema la kitaalamu kadiri ninavyoweza. Watu wengi wanaojaribu bangi hawawi wategemezi. Makadirio yanayotumiwa sana ni takriban mmoja kati ya kumi. Kwa walioanza wakiwa chini ya miaka 18 makadirio hupanda hadi mmoja kati ya sita, kwa kuwa ubongo huendelea kukomaa hadi miaka ya katikati ya ishirini. Jambo linalotutia hofu zaidi wodini ni ugonjwa wa akili wenye kusikia sauti na kushuku watu. Bangi si sababu pekee ya ugonjwa huo, lakini kuvuta kila siku, hasa bangi kali kama ile iitwayo skanka, huongeza uwezekano wake, na kwa mwenye historia hiyo katika ukoo uwezekano ni mkubwa zaidi.

Kuhusu msaada, watu huchanganya mambo. Kliniki ya methadoni iliyoanza Muhimbili mwaka 2011 ni kwa ajili ya watumiaji wa heroini; methadoni haitibu bangi. Hakuna kidonge kilichoidhinishwa kwa utegemezi wa bangi. Tiba ni mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, yanayorudiwa kwa ratiba. Akiacha ghafla atakuwa na hasira za karibu, usingizi utamruka na chakula hakitapanda; hali hiyo huwa kali juma la kwanza na kwa wengi hutulia baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo msiitafsiri kuwa ni kiburi. Sikushauri umpeleke nyumba ya soba, yaani makazi ya kuwarekebisha waraibu, kwa hatua hii. Wengi waliomo wanatoka kwenye heroini, na sioni faida ya kumlaza kijana wa bangi kitanda cha pili na mtu atakayemsimulia habari za kokteli, yaani msokoto uliochanganywa na heroini.

Nijibu haya kabla sijaendelea. Anavuta mara ngapi kwa wiki? Alianza lini hasa? Analala vizuri, amejitenga, amewahi kusema kwamba watu wanamsema? Na je, kwenu au kwa baba yake kuna aliyewahi kuugua akili?

Mjomba wa Tabata (mleta uzi)

Nawashukuru nyote. Nimezungumza naye tena, safari hii nikianza na lile la uzio alilolisema Wakili, naye amekubali bila ubishi, pengine kwa sababu sikumwambia kwamba ni mbaya bali nimemwambia kwamba nitafungwa mimi. Jirani nimemwendea, tumeelewana.

Maswali ya Nesi nimeyajibu kwa kuuliza. Anavuta karibu kila jioni. Alianza kidogo kidogo akiwa kidato cha nne, na hapo alikuwa na miaka 16. Kulala analala, ila mke wangu amegundua kwamba siku hizi anafunga dirisha hata kukiwa na joto, na aliwahi kuuliza kwa nini bodaboda wa pale kona wanamtazama. Tuliona ni mzaha. Swali la mwisho ilibidi nimpigie dada yangu simu, naye alinyamaza kidogo kisha akaniambia jambo ambalo halikuwa likizungumzwa: babu yake mzaa baba alilazwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, zaidi ya mara moja, na baba mdogo mmoja naye alianza kuugua akiwa chuoni. Mpwa wangu hajui lolote kati ya haya.

Mkulima Mtarajiwa

Kwa habari hiyo ninaweka hoja zangu za kilimo pembeni. Hata nchi ikihalalisha kesho, kijana huyu ni katika wale ambao daktari angewaambia wasiiguse.

Nesi wa Upanga

Naungana naye. Usisubiri chuo kifunguliwe. Kwa kuwa mko Tabata, anzeni na kliniki ya afya ya akili hospitali ya Amana, na ikihitajika watawapa rufaa ya Muhimbili. Nendeni asubuhi ya siku ya kazi, na mwombe daktari amwone kijana peke yake kwanza, kisha akuite wewe. Habari za babu na baba mdogo asizisikie kwa mara ya kwanza mbele ya daktari: mwambieni nyumbani, wewe au mama yake kwa simu, kwa utulivu, kama mnavyomweleza mtu kwamba ukoo wao una kisukari. Kijana aliyeweza kusoma sheria za nchi nne anaweza kulielewa hilo. Ule wasiwasi wa bodaboda na dirisha mwandikie daktari kwenye karatasi pamoja na tarehe mlipouona, kwa sababu mkifika mbele yake mtasahau. Siku ambayo ataanza kukataa chakula kwa kuhofia kwamba mmekiwekea kitu, au kuzungumza na mtu asiyeonekana, msingoje miadi; mpelekeni idara ya dharura usiku huohuo. Namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupigwa bila malipo, ukitaka kuuliza huduma iliyo karibu na chuo atakachokwenda.