Tupeane uzoefu: kazi huipendi, ila kila asubuhi unakwenda

Mleta mada
Wakuu, leo nimekabidhiwa kijana mpya nimwoneshe kazi. Shati limenyooshwa, daftari mkononi, kalamu mbili mfukoni. Nimemzungusha idara zote, na tulipofika kwenye meza yake akauliza kwa sauti ya chini: "Dada, hapa pakoje?" Nikafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Nikamwambia narudi sasa hivi, nikaenda kujifungia chooni.

Nina miaka 7 hapa. Situkanwi, mshahara hauchelewi, bosi si mtu mbaya. Lakini Jumapili jioni ikifika tumbo linavurugika, na sikumbuki mara ya mwisho nimefanya kitu pale nikajivunia. Mliowahi kusimama njia panda hii, mlijuaje kama ni wakati wa kuondoka au wa kutulia? Naomba simulizi zenu. Methali ninazo nyumbani.

Baba Watatu
Mvumilivu hula mbivu, dada.

Karani wa Masjala
Mtu kasema hataki methali, wewe wa kwanza umeleta methali!

Baba Watatu
Basi nasimulia. Miaka 19 nimefanya kazi nisiyoipenda hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa kupokea malalamiko ya wateja kwa simu, kutwa nzima natukanwa kwa makosa ya watu wengine. Nilibaki kwa sababu watoto watatu walikuwa wanasoma. Wa mwisho alipomaliza, wiki ileile nilipeleka barua ya kuacha kazi. Sijutii hata saa moja. Nyinyi mnaotaka kazi iwe raha, mnatafuta kazini kitu ambacho mimi nilikipata nyumbani jioni.

Naondoka Kesho
Mzee wangu, kwa heshima zote, miaka 19 ni umri wa mtu mzima. Watoto wanamwona baba anarudi amenyamaza, hawezi hata kucheka, halafu tunaita kujitoa. Mimi baba yangu alikuwa hivyo. Ningefurahi kama angepeleka barua ya kuacha kazi mapema, hata kama ningevaa viatu vya kaka.

Baba Watatu
Umesema hivyo kwa sababu ada yako ililipwa.

Karani wa Masjala
Jamani, msigombane. Dada anasubiri.

Wa Wodini
Mimi muuguzi. Kwa mwaka mzima niliapa kwamba naichukia kazi yangu. Wagonjwa nikawaita kwa namba za vitanda, na hilo ndilo lililonishtua, kwa sababu sikuwa mtu wa hivyo. Nilikuwa nafanya zamu zangu na za wenzangu wawili walioondoka bila kuzibwa nafasi zao. Siku moja nikahesabu saa za wiki: 61.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa matokeo kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na hatari ya kiharusi kuongezeka kwa asilimia 35, ukilinganisha na mtu wa saa 35 hadi 40. Mimi ninayewahudumia waliopata kiharusi nilikuwa najipeleka kitandani mwao. Nikaomba likizo ya wiki tatu. Wiki ya kwanza nililala tu. Wiki ya tatu nikaanza kuwakumbuka wagonjwa, nikajua kazi naipenda ila imenimaliza. Niliporudi nikakataa zamu za ziada kwa maandishi. Walinuna, wakazoea.

Kwa hiyo dada, kabla hujaamua chochote, pumzika sawasawa kwanza. Ukirudi siku ya pili tumbo likavurugika vilevile, hapo tatizo si uchovu.

Mleta mada
Dada muuguzi, nilikuwa likizo mwezi uliopita. Tumbo lilianza siku mbili kabla ya kurudi.

Wa Wodini
Basi umeshapata nusu ya jibu.

Mtunza Stoo
Mada hii imenitonesha kidonda. Sijawahi kuisimulia popote.

Nilikuwa mtunza stoo, stoo ya dawa. Miaka miwili ya mwanzo niliipenda kazi ile kuliko kitu chochote. Nilijua kila rafu kwa kugusa gizani. Akaja meneja mpya. Siku moja mzigo ukaingia, hati ya kupokelea inasema katoni 200, mimi nimehesabu 140. Meneja akasema, "Saini, 60 zinakuja kesho." Nikasaini. Hazikuja. Mwezi uliofuata ikawa vilevile, nikasaini tena, kwa sababu aliyesaini mara moja tayari ameshikwa. Mara ya tatu nikakataa.

Kuanzia siku ile hakuna aliyenisalimia. Kiti changu kikahamishwa, nikawa nasimama. Vikao naambiwa vimeshaisha. Nilibaki miezi mitano katika hali hiyo kwa sababu niliogopa kwamba nikiondoka wataniangushia mimi. Kila siku nasema kesho naandika barua, kila kesho nasema acha mshahara uingie kwanza.

Wakaguzi wakaja bila taarifa. Saini yangu ipo, katoni hazipo. Nikaambiwa nina mpaka asubuhi kueleza upungufu. Usiku ule nilihesabu stoo nzima peke yangu, mara mbili, nikijua kabisa kwamba sitazipata, na mikono haikutaka kuacha kuhesabu. Karibu na alfajiri mlinzi wa getini akaingia na chai. Akaniuliza, "Kijana, si ile gari ilishusha 140?" Nikamtazama. Kumbe alikuwa anaandika kila gari kwenye daftari lake la getini: namba ya gari, saa, idadi ya katoni. Hakuna aliyemwagiza idadi, ni mazoea yake tu. Kurasa zote mbili zilikuwepo.

Daftari lile ndilo lililoniokoa. Niliandika barua ya kuacha kazi siku niliyosafishwa, nikakaa miezi minane bila kazi. Ilikuwa miezi migumu, lakini usingizi ulirudi usiku wa kwanza.

Naondoka Kesho
Nimesoma nimesimama.

Karani wa Masjala
Na meneja? Usituache hapo mkuu.

Bi Hesabu
Mlinzi alipewa hata asante?

Mtunza Stoo
Meneja aliondolewa, sijui yuko wapi na sitafuti. Mlinzi tunapigiana simu kila mwezi. Mwanangu wa kwanza ana jina lake.

Bi Hesabu
Nimelia. Wote mnaoombwa kusaini msichokiona, pigeni picha kila hati.

Karani wa Masjala
Hapana! Nimekaa masjala miaka mingi, nimeona watu wanafukuzwa kwa kutoa nyaraka za ofisi nje, na kosa lao lenyewe likasahaulika. Andika daftari lako mwenyewe: tarehe, saa, nani alisema nini. Halafu ukikataa jambo, kataa kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Bi Hesabu
Daftari lako mwenyewe nani ataliamini?

Karani wa Masjala
La mlinzi liliaminiwa.

Fundi Sarafu
Turudi kwa dada. Mchumi Steven Levitt aliwahi kuwaalika watu waliokwama kwenye uamuzi, kama kuacha kazi, warushe sarafu mtandaoni. Utafiti ulichapishwa mwaka 2021. Baada ya miezi sita, kwa maamuzi makubwa, ambao sarafu iliwaambia wabadilike walikuwa na furaha zaidi kuliko walioambiwa wabaki. Mimi nilirusha yangu mezani. Ikaangukia "baki", nikaumia moyoni kana kwamba nimenyimwa kitu. Kwa maumivu yale nikajua nataka nini. Niliondoka.

Baba Watatu
Waliorusha walikuja wenyewe, tayari nusu yao ilikuwa mlangoni. Mwenye watu sita wanaomtegemea hachezi na sarafu.

Fundi Sarafu
Hilo nakubali, mzee. Ndiyo maana kabla ya kurusha nilikuwa nimeweka akiba ya miezi sita. Bila akiba nisingerusha.

Naondoka Kesho
Akiba ya miezi sita ukiisubiri, utazeekea pale.

Mpiga Deki
Mimi nafanya usafi hospitalini na nimebaki. Nilikuwa naona aibu kusema ninachofanya. Mwalimu mmoja wa mafunzo akatuambia kuhusu watafiti Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, walioandika mwaka 2001 juu ya wafanya usafi wa hospitali: baadhi yao walijihesabu kuwa sehemu ya uponyaji, wakaongeza kwenye kazi yao mambo ambayo hakuna aliyewaandikia. Nikaanza kujua majina ya wagonjwa wanaokaa muda mrefu, na kupiga deki kwanza kwa wasiopata wageni. Mshahara ni uleule. Siku ndiyo imebadilika.

Lakini dada, niliyabadilisha hayo kwa sababu nilikuwa na kitu cha kushika, wagonjwa. Je, hapo ulipo kuna mtu au kitu unachoweza kukishika? Kama hakuna, usijilazimishe kupenda ukuta.

Mleta mada
Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mpiga Deki, swali lako limenikaa. Kitu pekee nilichokishika kwa miaka 7 ni kuwafundisha wapya. Nimewapokea 11, nawakumbuka wote, na wote wameshaondoka.

Kabla ya kutoka jioni nimerudi kwenye meza ya yule kijana. Nimemwambia ukweli: watu ni wema, mshahara unafika kwa tarehe, kazi yenyewe utaimaliza kuijua ndani ya mwaka, na mimi nitakufundisha kila ninachokijua. Akaandika kwenye daftari lake. Halafu akauliza, "Na wewe dada, utakuwepo?"

Nikamjibu, "Mpaka mwisho wa mwaka." Sikuwa nimepanga kusema hivyo.

Baba Watatu
Mwaka huu au ujao?

Mleta mada
Huu, baba. Kesho naanza kuhesabu akiba.